Kukalibreti ditekta ya oksijeni: hewa safi, mtungi wa gesi, kituo cha kupachika au maabara?

Umenunua ditekta ya gesi kwa ajili ya kazi za chemba, matangi au ngama za meli. Umeiwasha, inaonyesha 20.9, yaani asilimia ya oksijeni hewani, na mwongozo wake unasema lazima ikalibretiwe, yaani irekebishwe kwa kulinganishwa na hewa au gesi inayojulikana. Hapo ndipo wengi hukwama, maana njia ziko nne. Unaweza kusimama nje kwenye hewa safi ukabonyeza kitufe. Unaweza kununua mtungi wa gesi na regyuleta yake, kifaa kinachodhibiti gesi inayotoka, ukaifanya kazi mwenyewe. Unaweza kuweka kituo cha kupachika, kile kisanduku ambacho ditekta hupachikwa humo kikaifanyia kila kitu. Au unaipeleka maabara, inarudi na cheti. Kila muuzaji husifia ile anayoiuza, kwa hiyo hapa nimezipima zote nne kwa vigezo vilevile.

Kwanza tuelewane kuhusu sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachohisi gesi, kwa sababu ya oksijeni haifanani na zile za kaboni monoksaidi au haidrojeni salfaidi. Hizo hukaa kwenye sifuri zikingoja gesi ije. Sensa ya oksijeni hufanya kazi muda wote, hata ikiwa kabatini. Aina iliyozoeleka zaidi ina madini ya risasi ndani yake. Oksijeni inapopenya kwenye kitundu chembamba, risasi huliwa kidogo kidogo na umeme mdogo huzalishwa. Umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba kwenye skrini. Risasi ikiisha, sensa imekufa, kwa kawaida baada ya miaka 2 hivi. Siku hizi ziko pia sensa zisizo na risasi ambazo hudumu zaidi, hadi miaka 5, lakini nazo huhama taratibu kutoka kwenye usahihi.

Sasa angalia ukubwa wa namba tunazozizungumzia. Hewa kavu ina oksijeni asilimia 20.9 kwa ujazo. Ditekta nyingi huwekwa zilie zikishuka chini ya 19.5 au zikipanda juu ya 23.5, viwango vilivyotokana na kanuni za OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani. Kati ya 20.9 na 19.5 watu huona kama kuna nafasi kubwa ya kupumua. Haipo. Hewa ni sehemu moja tu ya oksijeni kwa kila sehemu tano, kwa hiyo gesi ngeni ikiingia na kuisukuma hewa, oksijeni inaposhuka kwa 0.1 ujue gesi ngeni imeshafika takriban asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni. Haidrojeni salfaidi, gesi ya mashimo ya maji taka, huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ikifika sehemu 100 kwa milioni. Kosa la nusu asilimia kwenye kalibresheni linaweza kuficha kitu kizito sana.

Liko na jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Sensa ya kawaida ya gesi zinazolipuka huunguza gesi ndani yake ili kuipima, na bila oksijeni ya kutosha haiunguzi sawasawa. Ndiyo maana kabla ya kuingia tunasoma oksijeni kwanza, halafu gesi za kulipuka, halafu za sumu. Oksijeni ikisema uongo, huwezi kuiamini namba inayoifuata.

Vigezo vya kupimia

Kwa kila njia nimejiuliza mambo manne. Inathibitisha nini hasa: kwamba ditekta iko sawa kwenye 20.9 tu, au pia kwamba namba itashuka na alamu italia oksijeni ikipungua? Inataka nini: fedha, vifaa, umeme, muda, mtu aliyefunzwa? Inashindwa wapi? Na inamfaa nani? Ndani ya swali la kuthibitisha nimeingiza pia karatasi, kwa kuwa bandarini na kwenye kampuni kubwa kazi isiyo na rekodi huhesabiwa kuwa haikufanyika.

1. Hewa safi

Inathibitisha nini. Unasimama nje, unachagua kalibresheni ya hewa safi, skrini inahesabu sekunde kurudi nyuma, kisha kifaa kinachukua umeme wa sensa wa wakati ule na kuuita 20.9. Papo hapo kinaziweka sensa nyingine kwenye sifuri. Hiyo ni pointi moja tu. Umeiambia ditekta hewa nzuri ni ipi. Hujaiuliza kama itaitambua hewa mbaya.

Inataka nini. Dakika moja au mbili, na hewa unayoijua. Gharama hakuna.

Inashindwa wapi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayotumiwa na karibu kila mtu, na makosa yake hayaonekani kwa macho.

Kosa la kwanza ni mahali. Chukua fundi anayewasha ditekta pembeni ya mdomo wa chemba iliyokwisha funuliwa, au nyuma ya jenereta, au ndani ya gari lenye injini inayonguruma. Tuseme oksijeni ya pale ni 19.5 na yeye anabonyeza kitufe. Kifaa kitaiita 20.9. Kuanzia hapo alamu ya 19.5 haitalia mpaka oksijeni halisi ishuke hadi kama 18.2. Kama palikuwa na moshi wa jenereta, kaboni monoksaidi nayo imegeuzwa sifuri. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuikumbuka: ukiipeleka ditekta hiyo kwenye hewa safi kweli, itaonyesha kama 22.4. Ditekta inayosoma juu ya 21 na kitu nje kwenye uwanja wa wazi inakuomba uirudie kalibresheni, usiipuuze.

Kosa la pili ni unyevu, na hili ni letu watu wa pwani. Ile 20.9 ni ya hewa kavu. Mombasa, Tanga au Dar es Salaam kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, mvuke wa maji unachukua nafasi yake hewani na oksijeni halisi inabaki 20.2 au 20.3. Ofisini kwenye kiyoyozi inakuwa karibu 20.6. Ukikalibreti ofisini kisha ukatoka kwenda bandarini, skrini itaonyesha 20.5 bila gesi yoyote mbaya kuwapo. Mafundi huizoea ile 20.5 na kusema ni unyevu tu. Siku ambayo 20.5 imeletwa na gesi, watasema vilevile. Dawa yake ni kukalibreti kwenye eneo la kazi lenyewe, upande upepo unakotokea, mbali na mdomo wa shimo, baada ya kukiacha kifaa kizoee joto la pale. Ukifanya hivyo, kushuka kokote utakakokuona baadaye kuna sababu, na unapaswa kuitafuta kabla mtu hajashuka.

Kosa la tatu ni mwinuko, ila hili linategemea aina ya sensa. Nyingi za siku hizi hupima asilimia, na haziyumbi sana ukipanda kutoka pwani kwenda Nairobi, isipokuwa kwa muda mfupi shinikizo linapobadilika ghafla. Ziko nyingine zinazopima shinikizo la oksijeni. Hizo zikikalibretiwa Mombasa zitaonyesha kama 17 zikifika Nairobi na kulia bila kukoma. Zikikalibretiwa Nairobi na kushushwa Mombasa zitasoma juu ya 25. Soma mwongozo ujue yako ni ipi.

Jambo moja zaidi: andika namba iliyokuwepo kabla ya kubonyeza. Kitufe hufuta ushahidi. Sensa ambayo kila wiki inahitaji kupandishwa kutoka 20.3, halafu 20.1, halafu 19.8, inakufa, na kila ukiipandisha unaificha maiti.

Inamfaa nani. Mwenye ditekta moja au mbili, anayeijua hewa ya eneo lake, na anayeifanya kila siku kabla ya kazi. Ikitumika peke yake bila njia nyingine yoyote, mimi siiamini kwa kazi ya kumwingiza mtu shimoni.

2. Mtungi wa gesi

Inathibitisha nini. Mtungi una mchanganyiko unaojulikana. Kwa ditekta za gesi nne, mchanganyiko wa kawaida ni oksijeni asilimia 18, methani asilimia 2.5, kaboni monoksaidi sehemu 100 kwa milioni na haidrojeni salfaidi sehemu 25, iliyobaki yote ni naitrojeni. Iko pia yenye oksijeni 15 au 12. Unafunika sensa kwa kifuniko chake, unafungua regyuleta, na unatazama: 20.9, 20.4, 19.6, alamu inalia, taa zinawaka, kifaa kinatetemeka mkononi, kisha namba inatulia kwenye 18. Sensa nzima hufika karibu na hapo ndani ya sekunde 15 hivi. Ikijikokota kwa dakika nzima ni mbovu, hata kama mwisho wake inafika.

Tofautisha kazi mbili hapa. Ya kwanza ni bampu testi, yaani kuipulizia gesi uone kama inaitikia na alamu inalia, bila kugusa marekebisho. Ya pili ni kalibresheni kamili, ambapo kifaa kinarekebishwa kulingana na mtungi. OSHA ya Marekani na ISEA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya usalama cha huko, wanashauri bampu testi kila siku kabla ya kutumia kifaa. Kalibresheni kamili hufuata ratiba ya mtengenezaji, mara nyingi miezi 6 au chini ya hapo, na papo hapo ikiwa bampu testi imeshindwa au kifaa kimeanguka. Ditekta nyingi hurekebisha oksijeni kwa hewa safi na kutumia ile 18 ya mtungini kama mtihani tu, kwa hiyo ukiwa na mtungi bado hujaachana na yale ya njia ya kwanza.

Inataka nini. Mtungi, regyuleta ya mtiririko usiobadilika (nyingi hutoa nusu lita kwa dakika), mpira na kifuniko cha kifaa chako. Mtungi wa lita 58 kwa mtiririko huo unatoa dakika 116 za gesi. Ukitumia dakika moja kila asubuhi kwa ditekta moja, hiyo ni zaidi ya miezi mitatu. Unataka pia mtu aliyefunzwa, na sehemu ya wazi ya kufanyia: gesi inayotoka ina sumu na imepungukiwa oksijeni, usiipulizie chumbani.

Inashindwa wapi. Upatikanaji. Mitungi hii huagizwa kutoka nje, na kwenye ndege inahesabiwa kuwa mzigo wa hatari, kwa hiyo fundi hawezi kuitia kwenye begi akapanda nayo kwenda Mwanza au Kisumu. Ina tarehe ya mwisho, hasa ile yenye haidrojeni salfaidi ambayo hudhoofika, na mtungi uliopitwa na muda unakudanganya kwa utulivu kabisa. Aliye na ditekta ya oksijeni peke yake ana nafuu: naitrojeni tupu inatosha kuona kama namba inashuka hadi karibu na sifuri, na naitrojeni hupatikana kwa wauzaji wa gesi za viwandani. Tahadhari ni mbili. Usiunge kamwe mtungi mkubwa wa kiwandani moja kwa moja kwenye ditekta bila regyuleta inayoshusha shinikizo na kudhibiti mtiririko. Na usiifungulie naitrojeni ndani ya chumba. Haina harufu, na pumzi mbili tatu za naitrojeni tupu zinatosha kumwangusha mtu.

Wengine hukwepa mtungi kwa kuipulizia ditekta pumzi. Pumzi tunayotoa ina oksijeni kama 16 au 17, na kweli alamu hulia. Inakuonyesha kwamba sensa haijafa. Haikwambii inakosea kwa kiasi gani, kwa sababu hakuna anayejua pumzi yake ya wakati ule ilikuwa ngapi. Sikuihesabu kuwa njia ya tano.

Inamfaa nani. Kampuni ya kunyonya maji taka, timu ya matangi, kiwanda chenye ditekta chache na mtu mmoja makini wa kuzisimamia. Kwa kazi nyingi za Afrika Mashariki ninazozifahamu, hapa ndipo fedha ya kwanza ingefaa kwenda.

3. Kituo cha kupachika

Inathibitisha nini. Yaleyale ya mtungi, kwa utaratibu uleule kila mara, na kinaweka rekodi: ditekta namba fulani, tarehe, saa, imefaulu au imeshindwa. Hakisahau, hakichoki, na hakimpi pasi rafiki yake.

Inataka nini. Umeme, mitungi ileile iliyounganishwa nyuma yake, na fedha nyingi mwanzoni. Kwa kawaida kituo hupokea ditekta za mtengenezaji mmoja tu, tena aina fulani tu, kwa hiyo ukikinunua umejifunga kwake kwa miaka.

Inashindwa wapi. Watu hudhani kimewaondolea tatizo la hewa safi. Sivyo. Vingi huvuta hewa ya chumba kilimo ili kuweka 20.9. Ukikiweka kwenye karakana yenye rangi, kuchomelea na moshi wa magari, kitakosea kwa ditekta zako zote kwa pamoja, na rekodi safi juu yake. Kipitishie mpira wa kuvuta hewa ya nje, au kiunge na mtungi wa hewa iliyothibitishwa. Tena kinafanya kazi pale kilipo tu. Timu iliyo porini siku tano haifaidiki nacho.

Inamfaa nani. Migodi, viwanda vikubwa, bandari, mahali ambapo zamu nzima huchukua ditekta langoni na kuzirudisha jioni. Kwa mwenye vifaa vitatu ni kujitwisha gharama.

4. Maabara au karakana ya mtengenezaji

Inathibitisha nini. Maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, hutoa cheti chenye namba ya kifaa, gesi zilizotumika, namba zilizosomwa kabla na baada ya kurekebisha, na kiwango cha shaka ya vipimo. Kenya ithibati hiyo hutolewa na KENAS, shirika la ithibati la nchi hiyo. Tanzania, maabara nyingi huipata kupitia SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC. Fundi mzuri ataangalia pia pampu kama inavuja, betri, vichujio, na umri wa sensa.

Inataka nini. Ada, usafiri, na siku ambazo kifaa hakipo. Unataka pia ujasiri wa kuuliza wigo wa ithibati: maabara inaweza kuwa na ithibati ya mizani na vipimajoto, isiwe nayo kwa gesi.

Inashindwa wapi. Cheti kinaeleza hali ya siku ile. Ditekta ikianguka kwenye zege kesho yake, karatasi haitajua. Nimeona watu wakikiona cheti kama ruhusa ya kuacha bampu testi mpaka mwakani, na hilo linanisikitisha kuliko kukosa cheti kabisa, maana aliyekikosa angalau ana wasiwasi.

Inamfaa nani. Anayedaiwa karatasi na mteja, mkaguzi au kampuni ya bima, na yeyote ambaye hana gesi wala mtu wa kuitumia.

Uchague kwa hali yako

Kama unafungua chemba na mashimo ya maji taka mjini, na fedha ni ya ditekta moja: nunua ya gesi nne, pamoja na mtungi mdogo na regyuleta siku hiyohiyo. Hewa safi kila asubuhi kwenye eneo la kazi, bampu testi kabla ya mtu kuingia, maabara kwa ratiba ya mtengenezaji. Fedha ikitosha kifaa tu bila mtungi, subiri ikamilike, na kazi hiyo ifanywe na mwenye vifaa.

Kama unahudumia meli Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar: tangu Julai 1, 2016 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unazitaka meli ziwe na vifaa vyao vya kupima hewa ya sehemu zilizofungwa, na mwongozo wa IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa baharini, unataka oksijeni ipimwe kabla ya kuingia. Kwa hiyo mtakuwa na ditekta mbili, ya meli na yenu. Zilinganisheni kwanza sitahani, kwenye hewa ya wazi. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu asilimia, hakuna anayeshuka ngamani mpaka mtungi uamue. Hapa utahitaji cheti cha maabara na mtungi, vyote viwili.

Kama una zamu kubwa, mgodini Geita au kwenye kiwanda chenye matangi mengi: kituo cha kupachika kitalipa gharama yake kwa nidhamu peke yake, ila tenga mitungi michache na regyuleta kwa timu zinazokwenda mbali.

Kama timu yako husafiri kati ya pwani na bara: jua aina ya sensa yako kabla ya safari, na ukalibreti upya ukifika, siyo ulikotoka. Mtungi utangulie kwa barabara.

Kama kifaa hutumika mara mbili tatu kwa mwaka, mfano ghala la nafaka au kisima cha shule: kukodi ditekta kutoka kwa mtoa huduma anayekuja na mtungi wake ni nafuu kuliko kununua. Sensa inaliwa hata ikiwa kabatini, na utakuta imekufa siku unayoihitaji. Akija, mwombe aipulizie gesi mbele yako, namba ishuke, alamu ilie, ndipo kamba ifungwe.